Mwalimu Nyerere na Kura za Wachache



Kila mwaka ifikapo tarehe 14 Oktoba tunamkumbuka katika Misa Takatifu Mtumishi wa Mungu Julius Kambarage Nyerere. Hapa Mafia sisi Wakatoliki tu wachache, na kanisa halijai. Majirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi kisiwani, hutusalimia njiani kwa heshima, kwa kuwa siku ile ni ya taifa zima na Mwalimu ni wa wote. Baada ya Misa ya namna hiyo, mzee mmoja mvuvi alitungoja mlangoni akatuuliza swali ambalo hatukuwa tumelitarajia. Alitaka kujua kama mtu anayekipigia kura chama kidogo, akijua wazi kwamba hakiwezi kushinda, anaitupa kura yake baharini, na kama kuitupa hivyo ni kosa mbele ya dhamiri, maana Katekisimu, namba 2240, inahesabu kupiga kura kati ya wajibu wa raia.

Tulimpa jibu fupi pale pale, nalo halikututosheleza sisi wenyewe. Padre hana ruhusa ya kumwambia mwamini ampigie nani, na vyema iwe hivyo. Lakini swali la mzee halikuwa la chama fulani. Lilikuwa la nafasi ya wachache katika nchi, nasi tumelitafutia jibu katika maisha ya Mwalimu mwenyewe, kwa sababu aliliishi kwa pande zake zote: alianza mdogo, akawa na nguvu kupita wote, akaufunga mlango wa vyama vidogo, na uzeeni akahimiza ufunguliwe.

Alizaliwa Butiama mwezi Aprili 1922, mwana wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki na Mgaya wa Nyang'ombe. Wazanaki ni kabila dogo mashariki ya Ziwa Viktoria, na wapo wanaoamini kwamba hilo lilimsaidia baadaye, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuogopa kutawaliwa na Wazanaki. Alianza shule Mwisenge, Musoma, akiwa na umri wa miaka 12, kisha akaenda Tabora. Alibatizwa tarehe 23 Desemba 1943 akachukua jina la Julius, akasoma ualimu Makerere, na aliporudi akafundisha St. Mary's, Tabora, shule ya Mapadre Weupe. Mwaka 1949 alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, akatoka na shahada mwaka 1952.

Hapo Edinburgh tutue kidogo. Mwezi Oktoba 1951, Mwalimu akiwa bado mwanafunzi huko, Uingereza ilifanya uchaguzi mkuu. Chama cha Labour kilipata kura nyingi kuliko Conservative, lakini Conservative ndicho kilichopata viti vingi bungeni, na Winston Churchill akarudi madarakani. Chama kidogo cha Liberal kilipigiwa kura zaidi ya laki saba, kikaambulia viti 6 tu. Hivyo ndivyo unavyofanya kazi mfumo wa mwenye kura nyingi katika jimbo kuchukua kiti. (Tunasema jimbo la uchaguzi, si jimbo la Kanisa, lugha yetu imeyapa majimbo yote mawili jina moja.) Anayeshinda kwa kura moja na anayeshinda kwa kura elfu kumi wote wanapata kiti kimoja, na kura za aliyeshindwa hazihesabiwi tena mahali popote. Mfumo huo ndio Waingereza waliotuachia.

Mwalimu alirudi, akamwoa Maria Gabriel mwezi Januari 1953, akafundisha Pugu, na mwaka huohuo akachaguliwa rais wa Chama cha Waafrika wa Tanganyika. Tarehe 7 Julai 1954 chama hicho kikawa TANU. Mwaka uliofuata aliacha kazi ya ualimu, na mshahara wake, ili autumikie ukombozi wa nchi.

Leo TANU inakumbukwa kama mlima, na ni rahisi kusahau kwamba mbele ya serikali ya Gavana Twining ilikuwa kikundi kidogo kilichotiliwa shaka. Mwaka 1956 kilizaliwa chama cha United Tanganyika Party, UTP, kikiwa na baraka za wakubwa, ili kuizuia. Halafu ukaja mfumo wa kura tatu. Kila mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Aliyechagua Mwafrika peke yake, kura yake iliharibika. Tena si kila mtu aliruhusiwa kupiga kura, ilibidi mtu awe na kipato cha paundi 150 kwa mwaka, au elimu ya kiwango fulani, au wadhifa unaotambuliwa. Kwa njia hiyo jamii iliyokuwa na mamilioni ya watu na jamii zilizokuwa na maelfu tu zilipewa viti sawasawa.

Wanachama wengi wa TANU walitaka kuususia uchaguzi huo. Mwezi Januari 1958, katika mkutano wa Tabora, Mwalimu aliwashawishi waingie. Hoja yake ilikuwa kwamba wakikaa nje UTP itachukua viti vyote bila jasho, na wakiingia wanaweza kuutumia mfumo mbaya ili kuuondoa. Ulikuwa mkutano mgumu, na uliacha jeraha. Zuberi Mtemvu, mmoja wa viongozi wa mwanzo wa TANU, alitoka na kuanzisha chama chake, African National Congress. Uchaguzi ulipofanyika, Septemba 1958 na Februari 1959, TANU na wale iliowaunga mkono, wakiwemo Waasia na Wazungu, walishinda kote, na UTP haikupata kitu. Mwalimu mwenyewe aligombea Jimbo la Mashariki, ambalo Mafia ilikuwa ndani yake, akamshinda Patrick Kunambi.

Katika uchaguzi wa Agosti 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Wagombea wake 58 walipita bila kupingwa, na majimbo 13 tu ndiyo yaliyopiga kura. Katika hayo 13, TANU ilipata kama asilimia 83 ya kura. Zilizobaki, kama asilimia 17, zilizaa kiti kimoja tu, cha Herman Sarwatt wa Mbulu, naye alikuwa mwana TANU aliyegombea peke yake baada ya chama kumpitisha mwingine. Kwa hiyo katika majimbo 58 raia wa Tanganyika hakuwa na la kuchagua, na hakuna sheria yoyote iliyokuwa imemkataza.

Mwezi Oktoba 1961, miezi miwili kabla ya Uhuru, Bunge lilijadili sheria ya uraia. Wabunge kadhaa wa TANU walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao, na huo pia ulikuwa msimamo wa Mtemvu na chama chake. Mwalimu, akiwa Waziri Mkuu, alisimama akawapinga watu wake mwenyewe kwa ukali ambao haukuwa wa kawaida kwake. Alieleza kwamba utawala unaomhukumu mtu kwa rangi yake ndio ule ule waliokuwa wakiupinga, na kwamba yeye na serikali yake wako tayari kujiuzulu kuliko kuukubali. Sheria ikapita kama alivyotaka. Kwa hesabu ya kura angeweza kuwatupa Waasia na Wazungu bila kupoteza chochote, maana walikuwa wachache mno. Hakufanya hivyo. Sisi tunaona hapo matunda ya ubatizo wake, ingawa tunajua wapo wasio Wakristo walioshikilia jambo hilohilo kwa moyo uleule.

Sasa tunafika mahali ambapo wanaompenda Mwalimu, nasi tumo, hupapita mbiombio. Mtu aliyewalinda wachache wa rangi hakuwalinda vivyo hivyo wachache wa mawazo.

Mwezi Novemba 1962 nchi ilimchagua Rais wake wa kwanza wa Jamhuri. Mpinzani alikuwa mmoja tu, Mtemvu, na alipata kura zaidi kidogo ya 21,000 kati ya zaidi ya 1,100,000, chini ya asilimia 2. Haikupita muda mrefu naye akarudi TANU. Christopher Kasanga Tumbo, aliyekuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa reli kisha balozi wetu London, aliuacha ubalozi akaanzisha People's Democratic Party. Baadaye aliwekwa kizuizini. Sheria iliyoruhusu mtu kuzuiliwa bila kufikishwa mahakamani ilitungwa mwaka huohuo wa 1962. Vyama hivyo vidogo havikuwa na uwezo wa kuiangusha serikali. Mtu anaweza kuuliza, nasi tunauliza, ni hatari gani ilitoka kwa chama kilichopata kura 2 katika kila 100.

Haki inatutaka tuieleze hoja ya Mwalimu kama alivyoieleza mwenyewe katika kijitabu chake cha mwaka 1963 kuhusu demokrasia na vyama. Aliona kwamba vyama viwili vya Ulaya vilizaliwa na mgawanyiko wa matabaka ambao huku haukuwepo. Wazee wa Kiafrika, kwa maelezo yake, walikaa chini ya mti wakazungumza mpaka wakakubaliana. Pale ambapo chama kimoja ni sawa na taifa lenyewe, kuingiza kingine ni kuchochea vita bila sababu. Tena kwa kuwa watu wa majimbo mengi hawapati mtu wa pili wa kumchagua, ni bora chama kimoja kiwape wagombea wawili kuliko vyama viwili viwape mgombea mmoja. Hoja ya mwisho ina uzito, hasa kwa anayekumbuka yale majimbo 58.

Ng'ambo ya bahari pia kulikuwa na somo la kutisha. Zanzibar, ambayo Mafia ilikuwa chini ya Sultani wake hadi 1890, ilipiga kura mara nne kati ya 1957 na 1963. Mwezi Januari 1961 Afro-Shirazi Party ilipata viti 10 na Zanzibar Nationalist Party 9. Chama kidogo cha tatu, ZPPP, kilipata viti 3, nacho ndicho kilichoshika mizani. Wabunge wake wawili wakaenda upande mmoja na wa tatu upande mwingine, ikawa 11 kwa 11, na uchaguzi ukarudiwa mwezi Juni katikati ya ghasia zilizoua watu. Mwezi Julai 1963 Afro-Shirazi ilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura zote, lakini viti 13 tu. ZNP na ZPPP kwa pamoja zilipata 18 na kuunda serikali. Mwezi Januari 1964 yakatokea Mapinduzi. Hatusemi kwamba hesabu ya viti peke yake iliyaleta, maana chuki ilikuwa na mizizi mirefu zaidi. Lakini watu waliokuwa wengi kwa kura walijikuta wachache bungeni, na mfumo haukuwa na dawa ya jambo hilo.

Katiba ya muda ya 1965 iliifanya Tanzania nchi ya chama kimoja kwa sheria. Kwa upande wa bara, uchaguzi wa Septemba mwaka huo uliwapa watu wa karibu kila jimbo wagombea wawili wa TANU, mmoja na alama ya jembe, mwingine na alama ya nyumba. Wagombea walihutubia mikutano ileile pamoja, na walikatazwa kutumia kabila, rangi au dini. Mawaziri wawili na manaibu kadhaa walipoteza viti vyao, pamoja na wabunge wengi waliozoea kupita bila kupingwa. Kwa mara ya kwanza mkulima wa kijijini alimwangusha mkubwa kwa karatasi. Hilo lilikuwa jema, nasi hatulifichi. Lakini majina mawili yale yalichujwa na Halmashauri Kuu ya chama, na mwenye wazo ambalo chama hakikulipenda hakuwa na mahali pa kulipeleka. Kwa Rais, mwananchi aliulizwa tu Ndiyo au Hapana.

Miaka iliyofuata inajulikana na wengi, nasi tunaipita: Azimio la Arusha la 1967, vijiji vya ujamaa, elimu kwa wote, vita vya Kagera, na uchumi uliozorota. Mwaka 1977 TANU na Afro-Shirazi ziliungana kuwa CCM. Mwaka 1985 Mwalimu aliacha urais kwa hiari yake, akabaki mwenyekiti wa chama hadi 1990.

Katika mwaka huo wa 1990, alipokuwa bado mwenyekiti, alianza kusema hadharani kwamba kuzungumzia vyama vingi si uhaini, na kwamba chama kilichokaa peke yake kwa muda mrefu kimelegea. Wapo waliodhani mzee amechoka. Mwaka 1991 Rais Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikazunguka nchi nzima kuwauliza watu. Karibu asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, na karibu 20 tu walitaka vyama vingi. Kwa hesabu ya kawaida jambo lilikuwa limekwisha. Tume ilipendekeza kinyume cha walio wengi, na Mwalimu akatia uzito wake wote upande wa ile 20. Alihimiza kwamba wachache hao wasikilizwe, kwa kuwa kuwanyima njia ya amani ni kuwaachia njia nyingine, na kwa kuwa wengi hawapotezi kitu chao wachache wakipewa nafasi. Tarehe 1 Julai 1992 mlango ulifunguliwa.

Tunajiuliza mara kwa mara kilichombadilisha. Dunia ilikuwa imebadilika, ukuta wa Berlin ulikuwa umeanguka, na mwenye macho aliona upepo unakovuma. Lakini si hilo tu. Mwalimu alikuwa mtu wa Misa ya asubuhi na wa kujihoji dhamiri. Mapema kama 1962 alikuwa ameandika kijitabu kiitwacho Tujisahihishe. Ilimchukua miaka 30 kulitimiza jina la kijitabu hicho katika jambo hili, na wengine, akiwemo Kasanga Tumbo, walikuwa wamekwisha kulipa gharama. Mchakato wa kumtangaza Mwenyeheri, uliofunguliwa na Jimbo la Musoma mwaka 2005, haumhitaji awe mtu asiyekosea kamwe.

Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi ulikuwa wa 1995, na Mwalimu alimfanyia kampeni Benjamin Mkapa wa CCM. Mkapa alipata karibu asilimia 62, Augustine Mrema wa NCCR-Mageuzi karibu 28, Ibrahim Lipumba wa CUF zaidi ya 6, na John Cheyo wa UDP 4. Bungeni, NCCR ilipata karibu asilimia 22 ya kura na viti 16 vya majimbo, huku CUF ikipata asilimia 5 tu na viti 24. Sababu ni kwamba kura za NCCR zilitawanyika nchi nzima, na za CUF zilikusanyika hasa Pemba. Mwaka huohuo Mwalimu alitetea haki ya mtu asiye na chama kugombea, ambayo Mahakama Kuu ilikuwa imeikubali katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila na Bunge likaifunga kwa kurekebisha Katiba. Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iliamua kwamba zuio hilo linakiuka haki. Mwalimu hakuliona hilo. Alikuwa amefariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama siku tisa baadaye.

Turudi kwa mzee wetu. Tulipokutana naye tena gatini, akingoja boti ya Nyamisati, tulimweleza mambo mawili. La kwanza, kura ya ubunge inayokwenda kwa chama kidogo haiishii jimboni, kwa sababu viti maalumu vya wanawake hugawanywa kwa uwiano wa kura za ubunge za nchi nzima kwa kila chama kilichofikisha asilimia 5. Kura moja ya Jibondo au Kirongwe inaweza kujumlishwa na ya Kigoma na ya Mbeya ikawa sehemu ya kiti. Kwa urais si hivyo: tangu marekebisho ya mwaka 2000 hata nusu ya kura haihitajiki, anayeongoza ndiye anayechukua. Chama kisichofika hiyo 5 nacho hakipati kiti maalumu, na hapo mtu anabaki na dhamiri yake na sababu zake.

La pili lilihusu Mafia yenyewe. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 66,180, kati ya Watanzania zaidi ya milioni 61. Yapo majimbo ya Dar es Salaam yenye watu mara kadhaa ya hao, na kila moja lina mbunge mmoja, kama sisi. Kwa hesabu tupu tungeunganishwa na watu wa Rufiji, tukawakilishwa na mtu ambaye huenda hajawahi kuvuka bahari. Tumepewa kiti chetu kwa sababu kisiwa kina mambo yake, hata kama watu wake ni wachache.

Mzee alifikiri kidogo, akauliza kama wale wa Dar es Salaam hawalalamiki. Tukamwambia wanalalamika. Akacheka, akabeba mzigo wake, akashuka kwenye boti.